Mwaka Ule Zeituni Alichuma Nani

9 Oktoba
Mvua bado. Zeituni zimejaa vumbi, na hapa Kafr Dulba hakuna mwenye akili zake anayechuma kabla mvua ya kwanza haijaziosha. Basi kijiji kizima kinatembea kikitazama juu. Mimi nimeamua kuandika, maana madaftari ya shule yaliyonibakia ni kumi na matatu na wanafunzi wa kuyajaza sina tena.

Leo nimenunua mikate minne. Mama alifariki Februari, na mpaka leo nanunua mikate ya watu wawili. Muuza mikate anajua, ila hasemi kitu. Ndiye mtu pekee niliyezungumza naye leo, na tulichozungumza ni mikate.

12 Oktoba
Mvua bado. Kaka Ghalib amepita na trekta, akainua mkono, hakusimama.

14 Oktoba
Leo amesimama. Nimesikia trekta linazimwa mlangoni nikadhani limeharibika.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo. Nitakwenda wapi?"

Kaka yangu huniita mwalimu akiwa na shida. Aliketi ukingoni mwa kiti cha Mama, hakukiegemea. Nikampa chai. Akaizungusha gilasi mpaka ikapoa.

"Kuna daktari wa mambo ya kale anakuja kutoka Amman," akasema. "Niliwaandikia habari za Shahidi wetu. Wakikubali, watajenga ukuta kulizunguka kaburi na kuweka kibao. Wanataka kurasa mbili: vita vya Yarmuk vina maana gani katika historia. Nikawaambia dada yangu amevifundisha miaka thelathini."

"Thelathini na miwili."

"Haya, na miwili. Utaandika?"

"Ghalib, vita vilikuwa ng'ambo ya korongo. Huku kwetu hakupigwa mtu hata kofi."

"Farasi wa Shahidi aliruka."

"Akaruka korongo lote lile?"

"Kwani wewe ulikuwepo?"

Nikasema nitaandika. Ukweli ni kwamba ningekubali hata kuandika historia ya trekta lake. Alikuwa ameketi nyumbani kwangu, na sikutaka anyanyuke.

Sasa ameondoka, na lazima niliandike jambo hili mahali fulani, maana sina wa kumwambia. Chini ya mzeituni mkongwe kuliko yote, pembeni mwa shamba letu, kuna rundo la mawe lenye kitambaa cha kijani, kaburi la Shahidi aliyefia vita vya Yarmuk. Kila mtu hapa anajua lilivyotokea. Kiangazi cha 1967 Mama aliota mpanda farasi aliyefunika jicho moja kwa kiganja. Mpanda farasi akamwambia: nilipigwa mshale siku ile ya macho, pawekee alama mahali pangu. Siku ya nne ya vita vile wapiga mishale wa Kirumi walitoboa macho mengi hata siku yenyewe ikaitwa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyemshuku Mama. Kuanzia hapo wenye ugonjwa wa macho huja kunawa maji ya mvua yanayotuama kwenye jiwe lenye shimo. Mzeituni ule huchumwa mwisho, na mafuta yake hayauzwi wala hayaliwi nyumbani kwetu. Tunawapa maskini.

Januari nilikuwa namuosha Mama miguu, akaniambia hakuna shahidi. Juni ya mwaka ule wa 1967, watu walipokuwa wanavikimbia vita vya ng'ambo, mwanamke alipanda kutoka korongoni jicho moja limefungwa bendeji. Mgongoni alikuwa na kitoto cha kike, cha miezi michache, kimekufa tangu asubuhi. Wakakizika wawili wao chini ya mzeituni. Yule mwanamke akamshika Mama mikono: plau isipite juu ya mwanangu. Mama akaapa. Na Baba siku zile alikuwa analima mpaka kwenye kizingiti cha mlango.

"Sikuota," Mama akaniambia. "Nililazimika kuota."

Akaniapisha nisimwambie Ghalib. Alisema kaka yangu ameapa kwa kaburi lile tangu utotoni na moyo wake utavunjika. Nikaapa. Mwezi uliofuata nikamzika Mama, na siri nikabaki nayo peke yangu pamoja na nyumba.

17 Oktoba
Mvua! Nimesimama uani mpaka nguo zimelowa. Majirani wanapiga vigelegele juu ya mapaa, na mimi nikapiga kimoja, kidogo, nisije nikasikiwa.

19 Oktoba
Tumeanza kuchuma: Ghalib, mkewe Fawziya, na mimi. Zamani tulikuwa watu kumi na sita kwenye maturubai haya. Mtoto wao Rakan yuko Kuwait, anapiga simu kuuliza kama mti wake wa utotoni umezaa. Kazi yenyewe haibadiliki: unatandika turubai, unachana matawi kwa kitana cha plastiki, unasikiliza zeituni zinavyoanguka.

Mchana akaja Hajja Tamam, jirani, miaka themanini na mbili, macho yake yana ukungu. Anakwenda kwa Shahidi kila wiki. Akaketi nasi kula nyanya za kukaanga.

"Mwalimu, ungeolewa, sasa hivi ungekuwa na watoto wa kukushikia ngazi."

"Ningeolewa, Hajja, ningekuwa namshikia ngazi mtoto wa mama mwingine."

Fawziya akacheka mpaka mkate ukamtoka. Bibi hakukoma. "Na hilo jina lako, Mayyasa, marehemu mama yako alilitoa wapi? Ukoo wenu wote halimo. Nilimuuliza siku uliyozaliwa, akasema amelipenda tu. Tangu lini mtu wa Kafr Dulba akapenda tu?"

Ghalib akainuka kwenda kufunga gunia ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

22 Oktoba
Magunia saba. Mgongo umekataa.

26 Oktoba
Nimejaribu kuandika zile kurasa. Nimeanza hivi: "Mnamo Agosti ya mwaka 636, kwa siku sita, majeshi mawili yalikutana kaskazini mwa mto Yarmuk. Siku ya sita upepo wa kusini uliwapiga Warumi vumbi usoni, daraja la nyuma yao lilikwisha tekwa, na waliorudi nyuma wakaanguka makorongoni. Baada ya kuitawala miaka mia saba, Roma ikaipoteza nchi ya Sham." Yote ni kweli. Yote niliyasema ubaoni miaka thelathini na miwili nikipangusa chaki. Bila siku zile sita ningekuwa naandika haya kwa Kigiriki, lugha ya Warumi wale, na Hajja Tamam angekuwa anawasha mishumaa kanisani, akiniuliza vilevile kwa nini sikuolewa.

Lakini kila nikifika mwisho wa ukurasa namkumbuka mwanafunzi mmoja, Buthayna, wa kidato cha tatu. Zamani sana. Nilikuwa nimemaliza kueleza, nimejaa fahari, akanyoosha mkono. "Mwalimu, vita vilikuwa Agosti. Oktoba ilipofika, mwaka ule zeituni alichuma nani?"

Darasa likacheka. Nikamwambia aketi, hilo haliko kwenye mtihani. Aliketi akiwa ameona haya, na mwaka mzima hakuuliza tena. Leo ningempigia magoti anirudishie lile swali.

30 Oktoba
Mtu amepaka rangi nyekundu kwenye mawe ya mpaka wetu, na moja amelipaka hatua nne tu kutoka kaburini. Nimemuuliza Ghalib. "Watoto," akasema, na hakunitazama.

3 Novemba
Daktari amekuja. Anaitwa Lubaba, bado kijana, viatu vyake vina matope ya kweli, nikampenda papo hapo. Ghalib alikuwa amevaa koti la harusi ya Rakan. Akamsimulia farasi alivyoruka, na Daktari Lubaba akaandika kila kitu bila kucheka.

Kisha akapiga goti, akaligusa lile jiwe lenye shimo. "Pazuri," akasema. "Tarehe ishirini nitakuja na wenzangu wawili tulifungue kaburi. Taratibu tu, kwa brashi. Mifupa itatuambia umri wake, hata kama ana jeraha la jicho."

"Mlifungue?" Ghalib akauliza.

"Bila kufungua siwezi kuthibitisha, mjomba. Na bila uthibitisho hakuna ukuta."

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa mweupe kama ukuta wenyewe. Nikadhani ni imani yake, anaogopa Shahidi asije akasumbuliwa. Mimi kilichokuwa kichwani mwangu ni brashi ikipita juu ya mifupa ile midogo, na yule mwanamke akiwa amemshika Mama mikono.

6 Novemba
Upepo wa kusini. Vumbi mpaka kwenye meno. Hatukuchuma.

7 Novemba
Upepo uleule. Nimelala mchana kama mgonjwa. Hakuna aliyebisha hodi.

11 Novemba
Nimekwenda kwa Ghalib. Ni hatua mia mbili kutoka kwangu, na tangu msiba sikuwahi kuzitembea. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani.

"Waambie wasije," nikamwambia. "Waambie umebadili mawazo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Shahidi si wa vita vile."

"Umeanza." Akaweka gilasi chini kwa nguvu. "Tangu utoto wewe ni kunisahihisha. Nikisema mia unasema mia na moja. Mama anakufa, wewe ndiye ulikuwepo, wewe ndiye unajua, wewe ndiye ulimuosha. Sisi wengine tulikuwa wapi? Sokoni?"

"Sikusema hivyo."

"Husemi, lakini uso wako unasema."

Fawziya akasimama mlangoni na sinia, hajui aingie au arudi. Nikatoka. Ningeweza kuyasema pale pale na kumaliza. Lakini nilikuwa na hasira, na siri ya Mama sikutaka itoke mdomoni mwangu kama jiwe la kumpigia mtu. Kwa hiyo nimerudi nyumbani kuwa mkweli na mpweke, kazi ninayoijua vizuri.

13 Novemba
Hakuna kitu.

14 Novemba
Hakuna kitu. Mikate minne.

15 Novemba
Tumechuma bila kusemezana. Fawziya anazungumza na zeituni.

17 Novemba
Nataka kuandika kila neno, nisije nikalisahau hata moja.

Leo ilikuwa zamu yetu kwenye kinu cha mafuta. Kulikuwa na foleni, wanaume wanabishana nani alitangulia, mashine zinanguruma. Fawziya akabaki ndani kulinda nafasi. Mimi na Ghalib tukaketi nje juu ya magunia yetu, migongo ukutani, kila mmoja ametazama mbele. Zimebaki siku tatu, nikajiambia. Kiapo nilichomwapia Mama ni kumlinda kaka asivunjike moyo, na kiapo alichoapa Mama ni kumlinda yule mtoto. Haviwezi kutimizwa vyote viwili. Mtoto ndiye aliyetangulia.

"Ghalib," nikasema, "mle kaburini hamna mpanda farasi. Mna mtoto mchanga wa kike."

Hakugeuka. Nikaendelea, nikamwambia yote, mwanamke, bendeji, plau ya Baba, ndoto ambayo haikuotwa. Nilisema haraka kama mtu anayeteremka mteremko. Nilipomaliza nikangoja anipigie kelele.

"Mawe mangapi?" akauliza.

"Nini?"

"Alikwambia yalikuwa mawe mangapi?"

"Hakuniambia."

"Thelathini na moja." Akafungua viganja vyake, akavitazama. "Niliyabeba mimi. Nilikuwa na miaka minane. Mama alinituma nimletee mawe, na kila nilipoleta moja yule mama alilipangusa vumbi kwa shela yake kabla ya kuliweka. Nikamuuliza Mama, kwa nini anapangusa mawe? Akanipiga kofi. Halafu akanikumbatia."

Nikavitazama viganja vyake na mimi. Ndani mtu alikuwa anapiga kelele kuhusu gunia lililopotea.

"Aliniapisha," Ghalib akasema. "Nisimwambie mtu, hata ndugu atakayezaliwa. Miaka hamsini na saba, dada. Nilikuwa naapa kwa Shahidi mbele za watu ili wazidi kumwogopa."

"Sasa kwa nini ukawaita watu wa mambo ya kale?"

Ndipo akaniambia kuhusu rangi nyekundu. Ni barabara ya malori ya machimbo ya mawe. Inapita pale pale. Alikwenda manispaa mara tatu. Wakamwambia barabara hukwepa mambo ya kale, na hukwepa kaburi lililoandikwa jina kwenye daftari lao. Lisilo na jina, wakamwambia, ni rundo la mawe tu. Akachagua mambo ya kale, kwa sababu jina lingemlazimisha kuvunja kiapo. Hakujua kwamba wangetaka kufungua. Tangu tarehe tatu hajala vizuri.

"Na mimi nilipokuja kwako ukanifukuza!"

"Nilidhani umekuja kunisahihisha."

"Nilikuja kukusahihisha kweli."

Akacheka, kicheko kifupi chenye kikohozi, kama cha Baba. Kisha nikamuuliza, kwa nini tangu msiba hakuingia nyumbani kwangu. Nikamwambia wazi nilivyoumia, nilivyokuwa nasikia trekta likipita na kuhesabu mpaka sauti yake inapotea. Sijawahi kumwambia mtu maneno kama yale.

"Siwezi kukitazama kile kiti," akasema. "Na Fawziya akiniuliza, vipi hali ya Mayyasa, nalisikia jina lako, na Mama sasa hayupo wa kulijua pamoja na mimi."

"Jina langu limefanya nini?"

Akanigeukia, mara ya kwanza leo. Alinitazama kwa namna ya mtu aliyebeba chombo cha maji kutoka mbali.

"Hakukwambia?"

"Aliniambia hakumjua. Alisema yule mwanamke hakutaja jina."

"Lake hakulitaja. La mtoto alilitaja. Jiwe la mwisho lilipowekwa aliinama akamwita, polepole, kama unavyomwamsha mtoto aende shule. Mayyasa, akasema. Mayyasa, mimi naenda. Wewe ulizaliwa majira ya machipuko yaliyofuata. Baba alitaka kukuita jina la bibi, na Mama akakataa kunyonyesha mpaka wamwachie achague yeye."

Wakatuita. Zamu yetu imefika. Tulikokota magunia mawili mawili, na watu wa kinuni wakaniuliza kama moshi umeniingia machoni. Nikasema ndiyo.

18 Novemba
Nimeketi. Nimelitamka jina langu kwa sauti nyumbani, mara kadhaa, kama jina la mtu mwingine.

20 Novemba
Daktari Lubaba amekuja na brashi zake. Tulimngoja kaburini, Ghalib bila koti la harusi. Tulimwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudisha vifaa garini kimoja kimoja. Aliporudi alikuwa amekunjua mikono ya shati. Akaomba aoneshwe lile jiwe lenye shimo, akanawa uso.

"Kile kibao bado nakitaka," akaniambia. "Tutakiweka juu kule kwenye mwamba, watu waone uwanja wa vita ng'ambo. Kurasa zangu ziko wapi, mwalimu?"

Nikampa. Zilikuwa kurasa mbili kama alivyoagiza. Ya kwanza ni Roma, upepo, daraja, Sham, Yerusalemu, Misri, lugha tunayoota nayo. Ya pili inaanza hivi:

"Maana ya vita hivi husemwa kwa majina ya wafalme na maamiri, na ni sawa. Lakini vilikwisha Agosti, na zeituni hukomaa Oktoba. Miezi miwili baadaye, kwenye miteremko hii, wenye mashamba walikuwa wamekufa au wamekimbia, au wamebaki na hawajui watatawaliwa na nani. Na bado zilichumwa, maana mizeituni mikongwe iliyo mbele yako haikukatwa. Hakuna aliyeandika nani alichuma. Aliyeuliza kwanza ni mwanafunzi wa hapa, Buthayna binti Hani, na mwalimu wake hakumjibu."

Daktari akasoma, akakunja. "Watasema hii ya pili si historia."

"Waambie iko kwenye mtihani," nikasema.

24 Novemba
Manispaa. Karani ana daftari kubwa na kalamu isiyoandika. "Jina la marehemu?" Ghalib akajibu. "Jina la baba yake?"

Hapo tukakwama. Hakuna aliyemjua. Karani akaweka kalamu chini: bila jina la baba, hawezi. Nikaona lori la kwanza tayari likipita juu yake. Ghalib akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali kabla hajafungua mdomo.

"Andika Dhiyab," akasema. Ni jina la baba yetu, yule mwenye plau.

28 Novemba
Leo tumechuma mti wa mwisho. Jiwe limewekwa asubuhi, dogo, jeupe: Mayyasa binti Dhiyab, 1967. Wapimaji wamefuta rangi nyekundu na kuweka nyingine mbali zaidi, upande wa bondeni. Ghalib na Fawziya walikuwa juu ya ngazi, mimi chini, nachambua majani kwenye turubai.

Hajja Tamam akaja na fimbo yake kunawa macho. Ghalib alikuwa amemweleza jana, na kijiji kizima kinajua. Wengine wamekasirika, wengine wamelia. Yeye alisema hajali aliyelala mle ni nani, maji yanamsaidia macho. Akainama juu ya jiwe, pua inakaribia kuligusa, akasoma herufi moja moja kwa kidole. Akanyanyuka. Akanitafuta kwa macho yale ya ukungu mpaka akanipata.

"Mwalimu Mayyasa! Mbona umezikwa, na bado unachuma zeituni?"

Fawziya nusura aanguke. Ghalib akacheka akishikilia tawi, na mimi nikacheka mpaka nikaketi, kicheko cha kwanza tangu Februari. Kilipoisha nikagundua nimeketi ubavuni mwa jiwe, na mkono wangu uko juu yake. Limepata joto la jua. Nilifikiria kwamba nyumbani kwetu nimekuwa nikiitwa miaka hamsini na sita, nje nikicheza, jikoni, chumbani kwa mgonjwa, na kila alipoita Mama tulikuwa tunaitwa wawili.

Tukala pale pale. Nilikuwa nimeleta mikate minne, na haikutosha.